Pipi za Kupika za Kijapani na Mtoto Mdogo: Maswali Ninayoulizwa Hapa Kigoma

Mwanangu ana miaka mitano. Mwaka jana mjomba wake anayefanya kazi Dar alimtumia kiboksi kilichojaa maandishi ya Kijapani juu hadi chini, na tangu siku ile nimekuwa mtu wa kupigiwa simu. Jirani anauliza, mwalimu wa chekechea anauliza, hata mama anayeniuzia dagaa pale Kibirizi aliuliza baada ya kuona picha kwenye simu yangu. Nimeona niyaandike majibu yote mahali pamoja. Nimeyaandika kama mama aliyekwisha kuharibu pakiti kadhaa na kufanikiwa nyingine nyingi.

Hiki kitu ni nini hasa, pipi au mchezo?

Ni pipi ambayo mtoto anaipika mwenyewe bila moto wala kisu. Ukifungua boksi unakuta vipaketi vya unga, trei ya plastiki yenye vishimo vya maumbo mbalimbali, kikombe kidogo cha pembe tatu cha kupimia maji, na kijiko au kijiti cha kukorogea. Mtoto anachanganya unga na maji, anakoroga, anakanda, anapanga. Baada ya muda mezani pana sahani ya sushi (wali wa Kijapani wenye samaki juu), au bakuli la tambi za rameni, au donati, vyote vinavyoenea kwenye kiganja chake. Vinavyolika vyote vya pakiti ya sushi havifiki gramu 30.

Zinazojulikana zaidi ni za Popin' Cookin', zinazotengenezwa na kampuni ya Kracie ya Japani. Kabla yake kulikuwa na pipi iitwayo Nerunerunerune, iliyoanza kuuzwa mwaka 1986 wakati kampuni ikiitwa Kanebo Foods. Jina la Kracie lilikuja mwaka 2007. Hiyo Nerunerunerune ni pipi ya kukoroga tu, inafura na kubadilika rangi, na jina lake limetokana na neno la Kijapani neru, kukanda. Wajapani wenyewe pipi za aina hii huziita chiiku-gashi, yaani vitamutamu vya kumkuza mtoto akili.

Sisi tuliokulia Kigoma mchezo huu tunaujua tangu zamani: ni kupika vijungu. Sufuria ni kopo la nyanya, ugali ni mchanga wa ziwani, samaki ni jani la mwembe, na baba wa nyumba ni mtoto wa jirani anayeambiwa arudi kazini mara tatu kwa siku. Tofauti ni kwamba vijungu vya Kijapani vinalika. Nalisema hili mapema kwa sababu wazazi wengi wanakiogopa kiboksi kile kama mtihani wa kigeni. Mwanao tayari ni mpishi wa vijungu. Amebadilishiwa sufuria tu.

Mtoto awe na umri gani?

Mimi nasema miaka minne kwenda juu, na mtu mzima awe ameketi hapo hapo. Chini ya miaka mitatu usimpe kabisa, kwa sababu pakiti nyingi zina pipi laini ya kutafuna ambayo inaweza kumkaba. Hata huyu wangu wa miaka mitano anakula akiwa ameketi. Akianza kukimbia na sushi mdomoni, mchezo unasimama.

Wa miaka minne atakoroga na kumimina. Wa miaka mitano anaweza kudondosha tone kwa tone. Kukata vipaketi kwa mkasi fanya wewe, maana vinakatwa kwa mstari maalumu na unga wenyewe ni kiduchu. Ukimwagika, hakuna wa kuongeza.

Nitumie maji gani? Ya bomba yanafaa?

Chemsha kwanza, yapoe kabisa, au tumia ya chupa. Hapa sina mzaha. Chakula hiki hakipiti motoni hata kidogo, kwa hiyo maji unayoyatia ndiyo mtoto anayoyala. Sisi wa mkoa huu tunakijua kipindupindu. Tulioishi hapa mwaka 2015 kilipolipuka Kagunga hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Na mikono, yake na yako, ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa trei, kwa sababu kuna hatua za kukanda kwa vidole.

Yawe ya kawaida, sio ya jokofu wala ya uvuguvugu. Ya baridi sana hufanya unga ujikusanye madonge.

Maandishi yote ni ya Kijapani. Nitajuaje cha kufanya?

Nyuma ya boksi kuna picha zenye namba, na picha zinatosha kwa kazi yenyewe. Kila kipaketi kina rangi yake au mchoro wake, na picha inaonyesha kinaingia kwenye kishimo kipi na kwa vikombe vingapi vya maji. Tulia, soma picha zote mwanzo hadi mwisho kabla hujafungua chochote. Mimi humpa mwanangu kazi hiyo: ananisomea picha kwa sauti, kama anavyosoma kitabu cha hadithi ambacho hajajua herufi zake. "Hapa wanaweka maji mawili, mama. Hapa wanakoroga. Hapa wanasubiri." Akimaliza kusoma hivyo, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu ameshajua kinachofuata na hanyang'anyi tena.

Maneno machache yafaa uyatambue kwa sura. Kuna programu za simu zinazotafsiri kwa kamera, lakini hukosea kwenye maandishi madogo, kwa hiyo linganisha alama hizi kwa jicho lako:

賞味期限 ni tarehe ya mwisho ya ubora. Mwaka hutangulia, kisha mwezi. Usije ukaisoma kinyume.
電子レンジ maana yake inahitajika maikrowevu. Baadhi ya pakiti, kama za hambaga, zinaihitaji. Kama huna, au kama umeme wa kwenu una tabia zake, chagua sushi, donati au bento (chakula kinachofungashwa kwenye kiboksi).
卵 ni mayai, 乳 ni maziwa, 小麦 ni ngano.
ゼラチン ni gelatini, kigandishio kinachotokana na wanyama, na 豚 ni nguruwe.

Ni halali? Na mtoto mwenye mzio je?

Swali hili naulizwa zaidi na ndugu zangu wa Ujiji, na ni swali la haki. Baadhi ya pakiti zina gelatini, na gelatini nyingi hutokana na nguruwe. Zingine hazina gelatini kabisa. Zinagandishwa kwa vitu vinavyotoka kwenye mwani. Huwezi kusema "pipi za Kijapani ni halali" au "ni haramu" kwa ujumla wake. Kila boksi lina orodha yake. Tafuta zile alama mbili za mwisho hapo juu. Ukiiona ya gelatini na huoni nembo ya halali, iache. Mtoto hatakosa kitu, maana chini kabisa ya ukurasa huu nimeeleza jinsi ya kutengeneza ya kwetu, ambayo unajua kila kilichoingia.

Kuhusu mzio, sheria ya Japani inalazimisha vitu kama mayai, maziwa, ngano na karanga vitajwe kwenye pakiti. Ila vinatajwa kwa Kijapani. Kama mtoto wako amewahi kuvimba midomo au kubanwa kifua baada ya kula kitu, usikisie.

Sushi si samaki mbichi? Mnamlisha mtoto samaki mbichi?

Hapana, hapana. Mama mkwe aliuliza hivi hivi, tena kwa uso uliokunjika kabisa, maana kwetu mgebuka, samaki wa ziwa letu, usiokauka vizuri juu ya moto haumezwi. Sushi halisi ni wali uliotiwa siki na sukari kidogo, juu yake kipande cha samaki, mara nyingi kibichi, au yai la kukaanga, au mayai ya samaki. Ile ya kwenye boksi inaiga sura tu. "Wali" ni unga unaokorogwa na maji mpaka unafanya chembechembe. "Samaki" mwekundu na "yai" la njano ni unga mwingine unaoganda kwenye kishimo. Lile jani jeusi la mwani ni pipi laini inayosukumwa kwa vidole mpaka iwe nyembamba, kisha inakatwa. Vyote ni sukari. Hakuna samaki hata wa kunusa.

Mama mkwe alipoonja alisema ni tamu mno, akaomba chai isiyo na sukari. Siku hizi yeye ndiye anayedai apelekewe.

Mtoto anaharibu kila kitu. Nimsaidie kiasi gani?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na ndilo lililonifanya niandike.

Pakiti ya kwanza niliipika mimi. Sikukusudia. Nilianza kwa kumwelekeza, nikaendelea kwa kumshika mkono, nikamaliza nikiwa nimeishika trei na yeye amesimama pembeni ya meza akitazama. Sushi zilitoka nzuri kama za kwenye boksi. Nilipiga picha. Nikamwita aje ale, akaonja moja, akasema, "Za mama nzuri," akaenda nje kucheza na mchanga.

Sitaisahau sauti yake. Alikuwa sahihi, zilikuwa za mama.

Pakiti ya pili nilikaa juu ya mikono yangu, kwa maana ya kweli kabisa, viganja chini ya mapaja. Alitia maji mengi kwenye wali, ukawa uji. Alibonyeza yai likapasuka. Samaki mmoja alianguka chini nikamtupa. Alitumia karibu saa nzima kwa kazi ambayo mimi niliimaliza kwa dakika ishirini na tano. Mwishoni alikuwa na vidonge vitatu visivyojulikana ni nini, akavipanga kwenye kisahani cha chai na kuvipeleka kwa bibi nyumba ya pili, akitembea polepole kama anayebeba mtungi wa maji kichwani. Bibi aliuliza, "Hii ni nini mjukuu wangu?" Akajibu, "Sushi. Nimepika mimi."

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Kazi zangu ni nne: kukata vipaketi, kuangalia maji yasizidi, kusoma picha tukikwama, na kufuta meza. Mengine yote ni ya kwake. Akiuliza "Hivi ni sawa?" mimi humrudishia: "Picha inasemaje?" Anatazama, analinganisha, anajijibu. Akikosea namwacha akosee, isipokuwa kwenye maji, kwa sababu maji yakizidi hayatoki na mtoto huvunjika moyo mapema mno.

Akilia kwa sababu kitu kimeharibika, usimwambie "si kitu." Kwake ni kitu. Mwambie, "Naam, limepasuka. Tunalifanya nini sasa?" Yai lililopasuka liliwahi kuwa nywele za mtu. Wali uliokuwa uji ukawa supu. Vijungu havina kuharibika, kila kitu hupata jina jipya.

Mayai ya samaki hayaumbiki, yanakuwa mkia au uji. Nakosea wapi?

Hapa wengi wanakwama, na ni sehemu nzuri kuliko zote, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Ikura, yaani mayai mekundu ya samaki, yanatokana na vimiminika viwili. Kimoja kina alginati, kitu kinachokamuliwa kutoka kwenye mwani wa kahawia. Cha pili kina kalsiamu. Vikikutana, kalsiamu inazishika nyuzi za alginati na kuzifunga pamoja, na sehemu ya nje inakuwa ngozi papo hapo. Tone likianguka na kuzama linajivika ngozi kabla halijasambaa. Ndiyo maana linabaki duara, na ndani linabaki na maji maji kama yai la kweli. Tambi za rameni za kwenye pakiti hutumia mbinu hiyo hiyo, ila badala ya kudondosha unakamua mfululizo.

Sasa makosa. La kwanza, unga haujayeyuka. Koroga mpaka usione chembe, kisha acha utulie dakika moja au mbili ili mapovu yatoke. La pili, mkono uko karibu mno: ncha ya kidondoshea ikigusa kimiminika cha chini, ngozi inaanza kufumwa kwenye ncha na unapata mkia. Inua mkono sentimeta tatu hivi. La tatu, mtoto anabonyeza kwa nguvu, linatoka ziwa badala ya tone. Sisi tulifanya mazoezi kwanza kwa maji matupu juu ya sahani: tone, hesabu moja mbili, tone. Alipoacha kuhesabu kwa sauti, nilijua mkono wake umeshajua. La nne, vijiko vimechanganywa. Kijiko kilichokoroga kalsiamu kikiingia kwenye alginati, kimiminika chote kinaanza kuganda kwenye chombo chake. Weka vijiko mbalimbali, kila kimoja upande wake wa meza.

Yakiumbika, mpe sekunde za kuyatazama kabla hujamharakisha. Wangu alinyamaza, akainama mpaka pua ikakaribia trei, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Yamezaliwa."

Kwa nini ile ya kukoroga, Nerunerunerune, inabadilika rangi na kufura? Ni dawa?

Sio dawa ya kutisha. Paketi ya kwanza ina soda ya kuokea pamoja na rangi ya mimea. Ya pili ina asidi ya sitriki, ule uchachu wa ndimu. Soda ikikutana na uchachu inatoa hewa ya kaboni dioksidi, ndiyo mapovu, ndiyo kufura. Na rangi ile ni ya jamii inayoitwa anthosiani, ambayo huelekea buluu penye soda na wekundu penye uchachu.

Rangi ya jamii hiyo hiyo iko kwenye jagi lako la choya. Jaribuni jioni moja, bila kununua chochote kutoka nje: weka vijiko viwili vya juisi ya choya isiyo na sukari kwenye glasi nyeupe, ongeza chembe za soda ya kuokea (sio hamira). Wekundu unakimbia, unakuja ukijivu wa kibuluu au wa kijani. Sasa kamulia ndimu. Linatoka povu na wekundu unarudi. Mtoto atakuomba urudie mpaka ndimu ziishe ndani. Mwalimu wa chekechea alifanya jaribio hili darasani, akaniambia watoto walipiga kelele hadi mwalimu mkuu akaja kuchungulia, naye akabaki.

Kila kitu kinanata. Ni joto la Kigoma?

Kwa sehemu, ndiyo. Pipi ya jani la mwani hulainika sana mchana, hasa miezi ya kabla ya mvua. Fanyeni asubuhi au baada ya jua kushuka. Boksi likae mahali pakavu pasipo na jua, wala lisifunguliwe siku moja kabla, kwa sababu unga huvuta unyevu ukaganda. Vidole vipakwe maji kidogo sana kabla ya kukanda. Karatasi ya nailoni safi chini ya pipi inasaidia kuliko meza yenyewe.

Ladha ikoje?

Tamu, yenye uchachu wa matunda. Haina ladha ya kile inachofanana nacho, na hapo ndipo watoto wanapocheka. Mchuzi wa rameni, kwa mfano, una ladha ya kola. Mtu mzima huridhika kwa vipande viwili.

Sukari yote hiyo, na meno?

Ni pipi, tusijidanganye. Kwetu ni mara moja kwa mwezi, baada ya chakula cha mchana na sio kabla, na mswaki unafuata. Vilevile mwanangu hali peke yake: sehemu kubwa hugawa. Nimeona kwamba anayepika hula kidogo kuliko anayepikiwa. Furaha yake inaisha kwenye kugawa, na anabaki analamba kijiko.

Nina watoto wawili na pakiti moja. Watagombana?

Watagombana. Mpe mmoja maji na mwingine unga, yaani mmoja anapima na kumimina, mwingine anakoroga. Kwenye kipaketi kinachofuata wanabadilishana. Wakiwa watatu, tengenezeni ya kwetu hapo chini, pakiti haitoshi.

Napata wapi, na nijihadhari na nini?

Kigoma mjini sijaziona dukani. Zangu huletwa kutoka Dar na ndugu, au kwa wauzaji wa mtandaoni wanaotuma kwa basi. Omba picha ya tarehe kabla ya kulipa. Muuzaji mmoja aliniuzia maboksi mawili ambayo pipi yake ya mwani ilikuwa imekauka kama ngozi ya ngoma. Niliyafungua mbele ya mtoto aliyekuwa ameshaosha mikono na kuvaa aproni, na kumweleza ilikuwa kazi ngumu. Sasa hukagua kwanza, peke yangu.

Ni ghali. Siwezi kutengeneza ya kwetu?

Unaweza, na nakusihi ujaribu. Sisi tulianza kwa sababu pakiti ziliisha na mjomba alikuwa safarini. Mtoto akasema, "Basi tupike chakula cha huku." Nikajiuliza kwa nini halikuwa limenijia mimi.

Msingi ni donge la maziwa. Chukua vijiko vinne vya chakula vya maziwa ya unga, viwili vya sukari ya unga (kama huna, saga sukari ya kawaida kwenye blenda kisha chekecha), na siagi kiasi cha punje ya harage. Ongeza maji yaliyochemshwa, kijiko kimoja cha chai kwa wakati, ukikanda, mpaka lifanane na udongo wa kufinyangia. Ukiona linanata, ongeza maziwa ya unga. Ukiona linapasuka, tone la maji. Gawanya madonge manne.

Jeupe ni ugali. Mtoto analiviringa, anabonyeza katikati kwa kidole gumba, kama anavyoona mezani kila siku. La pili tia chembe za kakao, kidogo tu, uwe mwili wa mgebuka: viringa kirefu, bana mkia, chora magamba kwa kijiti cha meno, jicho ni punje ya ufuta. La tatu, tone la maji ya mchicha uliotwangwa na kuchujwa, ndiyo mboga. La nne ni letu hasa: tone la mawese. Rangi ya dhahabu inayotoka hapo haipatikani kwenye boksi lolote. Lakini liwe tone kweli, maana mawese yakizidi ladha yake inatawala na watoto wanakunja nyuso. Hilo la dhahabu linakuwa ndizi, au embe la Ujiji, au mchuzi juu ya samaki.

Dagaa wanahitaji subira. Chukua donge lenye kakao hafifu, viringa vijiuzi vyembamba kama njiti ya kiberiti, kata, nyoosha, panga kwenye karatasi vikauke. Mwanangu huwapanga kwa mistari kama wanavyoanikwa Katonga, kisha anawageuza kwa kijiti "wakauke upande wa pili."

Na mayai ya samaki? Hatuna alginati madukani, lakini chaina grasi ya unga inafanya kazi kwa njia nyingine, na hiyo inatokana na mwani, kwa hiyo swali la gelatini halipo. Jaza glasi ndefu mafuta ya kula yasiyo na harufu, weka kwenye jokofu angalau nusu saa. Mtu mzima achemshe kijiko kimoja cha chai cha chaina grasi kwenye maji nusu kikombe cha chai mpaka iyeyuke kabisa, aepue, ndipo aongeze juisi ya choya yenye sukari, kiasi kama hicho hicho. Usichemshe choya pamoja na chaina grasi, uchachu wake unaidhoofisha. Ikipoa kiasi cha kuvumilika kwenye kidole, dondosha tone tone kwenye yale mafuta ya baridi, kwa bomba la sindano jipya lisilo na sindano. Matone yanashuka polepole, yanaganda njiani, yanafika chini yakiwa shanga nyekundu. Chuja, suuza kwa maji safi ya kunywa. Kuchemsha ni kwako. Kudondosha ni kwake, kama juisi imeshapoa kweli.

Trei na vikombe vyake vinatupwa?

Usitupe. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sio ya moto, plastiki yake hujikunja. Vishimo vya samaki na yai vinatumika tena na tena kwa donge la maziwa, na kile kikombe cha pembe tatu ndicho kipimo chetu cha maji mpaka leo. Kwa sasa trei yetu iko dirishani na dagaa ishirini na tatu wa maziwa juu yake. Nimekatazwa kuwagusa mpaka Ijumaa, bibi akija.